Maoni: Watafiti vijana wa Rutshuru, tusomane kwanza sisi wenyewe

Asistenti wa chuo kikuu hapa kwetu akimaliza kuandika makala juu ya Rutshuru, nani anaisoma kwanza? Mara nyingi ni mhariri wa jarida lililo mbali, ambaye hajawahi kufika Kiwanja wala Tongo. Akiikataa, anatuma mistari miwili, na mara nyingine hatumi hata mmoja. Kijana anafunga kompyuta, anarudi kusahihisha mitihani, na ile makala inalala kwenye flash mpaka flash yenyewe inapotea.

Ndugu wasomaji, nina jambo moja la kusema. Kabla makala haijatumwa kwa mhariri, kabla memuari haijafika mbele ya juri, inafaa isomwe na wenzetu watatu ao wanne wa daraja letu, kisha wakae na mwandishi kwa saa mbili na kumwambia walichoelewa na walichokosa. Wengine wanaita hiyo atelie ya uandishi. Mimi naiita kusomana. Kwa mtu anayeandika juu ya Rutshuru, kusomana kunaweza pia kulinda maisha ya watu, na nitaeleza kwa nini.

Msomaji wa kweli anafika kuchelewa

Tuangalie jinsi kazi ya kuandika inavyokwenda katika vyuo vyetu, iwe UNIGOM, ULPGL ao vyuo vya juu vya ualimu na vya maendeleo vijijini. Mwanafunzi anapewa direkta. Direkta huyo ana wanafunzi wengine wengi, anafundisha katika vyuo viwili ao vitatu, na pengine mshahara wake haujafika. Anasoma sura ya kwanza haraka haraka, anasahihisha Kifaransa, anaandika pembeni "pitia tena", basi. Kazi inasomwa kweli siku ya juri, na siku hiyo imechelewa kwa msaada wowote. Familia imekaa nyuma na maua, fanta ziko tayari, hakuna anayetaka kusikia kwamba sura ya pili haina msingi.

Akibahatika kubakizwa chuoni kama asistenti, anaendelea vile vile. Ili apande kuwa shefu wa kazi anahitaji makala zilizochapishwa, na ili afike kwenye udaktari na uprofesa anahitaji zaidi. Lakini hakuna aliyemfundisha kuandika makala. Memuari ya kurasa mia moja na makala ya kurasa kumi na tano ni kazi mbili tofauti. Yeye anaikata memuari yake vipande, anatuma, anakataliwa. Hapo ndipo anapopokea barua pepe tamu kutoka jarida ambalo hajawahi kulisikia: lipa dola kadhaa, makala itatoka wiki ijayo. Analipa. Makala inatoka na makosa yake yote, bila mtu yeyote kuisoma. Amepata karatasi ya kupanda cheo. Rutshuru haikupata kitu, na makosa yale yatabaki na jina lake kwa miaka mingi.

Vita imezidisha upweke huo. Mwisho wa mwezi wa kumi 2022 Rutshuru-centre na Kiwanja ziliingia mikononi mwa M23, na mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ikafika zamu ya Goma. Walimu na watafiti walitawanyika. Mmoja yuko Goma, mwingine Butembo, mwingine Kampala, mwingine hakuondoka Kiwanja. Kutoka Goma mpaka Rutshuru-centre ni kilometa karibu sabini tu, lakini kuna wakati kilometa hizo zimekuwa ndefu kuliko safari ya kwenda Nairobi. Watu waliokuwa wanakutana kwenye korido ya chuo na kuulizana "makala yako imefika wapi?" hawakutani tena.

Neno limesafiri, wenye neno wamebaki

Kuna neno la kwetu ambalo limefika mbali sana: mazuku. Kila mtoto wa Goma na vijiji vya kandokando analijua. Ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano, inayoua mbuzi na mara nyingine watu, bila harufu wala moshi wa kukuonya. Leo wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika "mazuku" katika majarida yao bila kulitafsiri, kwa sababu waliona hakuna neno bora.

Neno limevuka mipaka, lakini wenye neno hawakuvuka nalo kwa wingi. Majina ya watafiti wa Goma yamo katika baadhi ya makala hizo, ila jina la kwanza mara nyingi ni la mtu wa chuo cha Ulaya. Ni vile vile kwa vita, kwa ardhi, kwa parke ya Virunga. Mtu akitaka kujua mambo ya Bwisha ao Bwito, vitabu vingi atakavyopata vimeandikwa na watu waliokaa hapa miezi michache.

Watafiti wa eneo letu wameshalisema hilo kwa sauti. Mwaka 2020 kilitoka kitabu kinachoitwa Série Bukavu, chenye maandiko ya watafiti wa Maziwa Makuu pamoja na wenzao wa Ulaya. Walieleza jinsi mtafiti wa hapa anavyovuka bariere, anavyotafsiri, anavyohoji watu na kuhatarisha roho yake, halafu kitabu kikitoka jina lake liko kwenye mstari wa shukrani ao haliko kabisa. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini tukishalaumu, tunarudi nyumbani na kukuta makala yetu bado haijaisha, na hakuna mtu wa kuisoma.

Mwenzako anaona hatari ambayo London haioni

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Chukua mfano wa makala juu ya huduma za afya wakati wa vita. Mwandishi ni mwangalifu, ameficha majina yote. Ameandika tu kwamba aliongea na muuguzi mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, katika kituo cha afya cha kijiji fulani, aliyemweleza ni nani walikuja usiku kuchukua dawa. Mhariri wa London ao Brussels anaona jina limefichwa, anaridhika. Lakini mwenzetu aliyezaliwa Jomba ataweka kidole hapo hapo: "Ndugu, kijiji hicho kina kituo kimoja, na kituo hicho kina muuguzi mwanamke mmoja. Umeshamtaja." Sentensi moja inafutwa, na mama yule analala salama. Hakuna mtu mwingine duniani aliye mahali pa kuona kosa hilo isipokuwa mtu wa hapa.

Chukua mfano mwingine, wa mwanafunzi wa kilimo. Anaandika kwamba katika kijiji fulani kuna ardhi nzuri isiyotumika, inafaa ipewe vyama vya wakulima. Msomaji wa mbali anaona pendekezo zuri. Msomaji wa Bwito atauliza: isiyotumika tangu lini? Mwenyewe yuko wapi? Labda mwenye shamba alikimbia, anakaa kwenye nyumba ya kukodi Goma na anasubiri kurudi. Ukiandika "ardhi isiyotumika" katika makala yenye muhuri wa chuo kikuu, umempa mtu mwingine karatasi ya kumnyang'anya.

Halafu kuna maneno yenyewe. Katika Rutshuru, kuandika "wenyeji", "wageni", "waliorudi" ao "wavamizi" ni kuchagua upande, hata kama mwandishi hakukusudia. Sisi sote tumelelewa ndani ya kabila fulani na ndani ya historia fulani ya maumivu, na kuna maneno tunayoyatumia nyumbani bila kusikia uzito wake. Kinyozi hajinyoi. Inahitajika mtu wa jamii nyingine, tunayeheshimiana naye, atuambie: "Hapa umehukumu kabila zima kwa kosa la watu kumi." Ni bora tuambiwe hivyo na mwenzetu ndani ya chumba kuliko kuambiwa na umati baada ya makala kusambaa kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo kundi la kusomana lisiwe la watu wa kijiji kimoja ao kabila moja. Wakikaa pamoja Mhutu, Mnande, Mtutsi na Mhunde, kila mmoja na andiko lake mkononi, andiko la kila mmoja litatoka na nguvu zaidi. Najua ni vigumu siku hizi. Lakini kama wasomi hawawezi kukaa hivyo mbele ya kurasa kumi na tano, tutawaomba vipi wakulima wakae hivyo mbele ya mpaka wa shamba?

Rodney aliwapa vijana wamsahihishe

Jambo hili halikuanza leo, na halikuanzia Ulaya peke yake. Walter Rodney, mwanahistoria aliyetoka Guyana, alikuwa anafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Alikuwa na miaka thelathini hivi, na udaktari wake alikuwa ameshaupata London. Angeweza kutafuta maprofesa wakubwa peke yao wamsomee. Lakini katika utangulizi wa kitabu hicho aliwashukuru vijana wawili wa chuo hicho, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada wake na kuukosoa kwa nia ya kujenga.

Tulifikirie hilo kidogo. Mwalimu mwenye udaktari aliweka andiko lake mbele ya vijana waliokuwa chini yake kwa cheo, nao hawakuogopa kumwambia ukweli. Kitabu hicho kimesomwa Afrika nzima kwa zaidi ya miaka hamsini. Na Hirji, ambaye baadaye alikuwa profesa wa takwimu, mwaka 2017 alitoa kitabu chake mwenyewe kutetea umuhimu wa kile cha Rodney. Msomaji wa kwanza alikuwa bado anakisoma.

Katika Afrika ya leo kuna mipango mikubwa ya kusaidia waandishi vijana. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, imeandaa atelie nyingi za watafiti. Kule Nairobi kuna CARTA, inayowafunda watu wa udaktari kutoka vyuo vya nchi mbalimbali. Karibu zaidi, kwenye ISP ya Bukavu, kituo cha CERUKI kimekuwa na Cahiers zake na vikundi vya watafiti vinavyofanya kazi pamoja. Mwenye nafasi ya kuingia huko aingie. Lakini nafasi ni chache, na asistenti wa Rutshuru ambaye hana pasipoti wala tiketi hawezi kuisubiri Dakar.

Likilimba ya kusoma

Mama zetu sokoni wanajua kazi hii kuliko sisi. Katika likilimba, kila mmoja anatoa kwa zamu, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Hakuna anayesema "nitapokea tu, kutoa sina wakati". Kusomana kunaweza kufuata sheria hiyo hiyo.

Watu wanne ao watano wanatosha. Kila mwezi zamu ni ya mmoja. Anatuma andiko lake wiki moja kabla, lisizidi kurasa kumi na tano, hata kama halijakomaa. Ambaye hakusoma haruhusiwi kusema siku hiyo. Mkutano unaanza hivi: kila msomaji anaeleza kwa maneno yake makala inasema nini, na mwandishi ananyamaza. Hapo mwandishi anapata somo la kwanza, maana watu watatu wakieleza mambo matatu tofauti, ujue tatizo liko kwenye maandishi yake. Baadaye wanasema ni wapi hoja inasimama vizuri, kisha wanataja mambo mawili ao matatu ya kurekebisha, yale makubwa kwanza. Makosa ya Kifaransa wanayaandika pembeni ya karatasi, hayapotezi wakati wa mkutano. Mwisho mwandishi anajibu, na ni yeye anayeamua atachukua ushauri gani.

Mazungumzo yenyewe yafanyike kwa Kiswahili. Makala itatoka kwa Kifaransa ao Kiingereza, sawa. Lakini tumezoea kujificha nyuma ya maneno makubwa ya Kifaransa. Mtu anaandika sentensi ya mistari sita juu ya "problématique" na "dynamiques", na hata yeye mwenyewe hajui anataka kusema nini. Ukimuuliza "Kwa Kiswahili, umegundua nini?", analazimika kujibu kama anavyomjibu mama yake.

Kuna sheria moja ambayo kwetu haina mchezo. Andiko lisitumwe likiwa na majina ya watu waliohojiwa, hata ndani ya kundi. Simu inaweza kufunguliwa kwenye bariere. Majina na sauti zilizorekodiwa zibaki mbali na makala, na mahali palipo na hatari pajadiliwe kwa mdomo. Wenzetu walio Kiwanja ao Butembo wanaweza kutuma maoni yao kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi, hata usiku wakati mega ni nafuu.

Tusisahau dada zetu. Tukipanga mikutano jioni kwenye baa, tumeshawafungia mlango kabla hawajafika. Jumamosi asubuhi, katika chumba cha chuo ao cha parokia, ni bora zaidi.

"Wataniibia mawazo yangu"

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni hili: nikimwonyesha mwenzangu andiko langu, ataliiba. Woga huo una sababu, maana wizi wa kazi upo, na mara nyingine anayeiba ni mkubwa ambaye huwezi kumshitaki. Lakini andiko lililosomwa na watu wanne, lenye tarehe na jina lako, lina mashahidi wanne. Lililofichwa kwenye flash halina hata mmoja, na likiibiwa utalia peke yako.

La pili ni la heshima. Wengine watasema mdogo hawezi kumkosoa mkubwa wake. Ndiyo maana nimesema watu wa daraja moja. Profesa anayeamua kama mkataba wa asistenti utaongezwa asikae ndani ya kundi. Akikaa, watu watamsifu mwandishi ama watamponda kulingana na uso wa profesa. Papa Profesa anaweza kualikwa mwishoni, andiko likiwa limekomaa, na atafurahi kupokea kazi iliyo safi.

La tatu ni la pesa: nani atalipa usafiri na perdiem? Hapa niseme wazi. Tumeona semina nyingi za hoteli, siku tatu na picha ya pamoja, na siku ya nne hakuna aliyeandika mstari mmoja. Watu walikuja kwa perdiem, na perdiem ikaisha. Kundi la watu wanne halihitaji mfadhili, linahitaji fotokopi chache na nauli ya moto. Ni kweli asistenti wengi hawajaingia kwenye listi ya mishahara ya serkali, na wanakimbia huku na huku kutafuta chakula cha watoto. Saa mbili kwa mwezi si bure kwao. Lakini dola anazolipa mtu kwenye jarida lisilosoma makala zinazidi nauli ya mwaka mzima ya kwenda kusomana.

Wengine watasema siku hizi kompyuta inasahihisha kila kitu. Itakusaidia Kifaransa, sikatai. Lakini haijui kwamba kituo kile cha afya kina muuguzi mmoja.

Vyuo vifanye nini

Vyuo vyetu haviombwi pesa nyingi. Vitoe chumba chenye umeme Jumamosi asubuhi. Vikubali kwamba kumsomea mwenzako ni kazi ya chuo, na viiandike kwenye ripoti ya mwaka ya asistenti kama vinavyoandika masomo aliyofundisha. Wakati wa kupandisha vyeo, visihesabu makala kama mifuko ya makaa. Viulize jarida gani, na nani aliisoma kabla haijatoka. Na kwa kuwa mfumo wa LMD umeingia tangu mwaka wa masomo 2021-2022, somo la uandishi lifundishwe kwa wanafunzi kusomeana kazi zao toka mwaka wa kwanza, ili wakifika kwenye memuari wasione kukosolewa kama tusi.

Kuna mambo ya Rutshuru ambayo tukikaa kimya yataandikwa na wengine, na mengine yatapotea kabisa. Wazee wanaojua jinsi mashamba ya Busanza yaligawanywa wanazeeka. Watoto waliokaa miaka bila shule wana mambo ya kusema. Waliohifadhi mbegu za maharagwe wakati wa kukimbia wanajua kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha kilimo.

Wewe asistenti unayesoma maneno haya, una andiko ambalo halijaisha. Tafuta wenzako watatu, mmoja wao awe wa jamii isiyo yako, mmoja awe wa idara nyingine. Wape kurasa kumi wiki hii, na uwaombe zao za mwezi ujao.